Makuta iko katika simu, lakini noti iko wapi?

Banki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini. Kiisha, katikati ya mwezi wa pili, ikawa zamu ya Bukavu. Tangu siku hizo, kwa miezi na miezi, mwalimu, muuguzi, mama muuza sombe na mwenye depo ya simenti wamebaki na banki moja tu: simu iliyo mfukoni. Ukiuliza namna gani miji mikubwa kama hii imeendelea kula, kulipa nyumba na kununua dawa, jibu la kwanza ni simu. Bila simu hali ingekuwa mbaya kupita ilivyo. Hiyo ni kweli, na inafaa isemwe mbele ya mengine yote.

Hata vile, jibu hilo linaficha kitu ambacho wakaaji wamekijua kwa mfuko wao wenyewe. Makuta inaweza kuwa katika simu, ujumbe ukaonekana, salio likasoma vizuri, na bado mtu akashindwa kununua chumvi ya watoto. Mtandao umekimbiza habari, bei na hesabu. Haujakimbiza noti, wala lori, wala bato. Na pale kitu cha haraka kinapokutana na kitu cha polepole, kuna mtu amesimama anakata yake. Watu wengi walifikiri intaneti itamuondoa mtu huyo wa katikati. Hakuondoka. Amebadilisha mahali pa kusimama tu.

Dola ya simu na dola ya mkono

Vodacom ilileta M-Pesa katika Congo mwaka wa 2012. Airtel na Orange nao wana huduma yao, na leo ni vigumu kupata barabara ya Goma, Beni, Bunia ao Uvira isiyokuwa na kabini ya kuuza inite na kutumia watu makuta. Kazi ya kabini inaonekana rahisi, lakini ukiielewa utaelewa karibu yote yaliyotokea mwaka wa 2025.

Mwenye kabini, mara nyingi kijana ao mama aliyekaa chini ya mwavuli wa rangi ya kampuni, ana mifuko miwili. Mmoja uko katika simu yake. Mwingine ni noti zilizo katika sanduku. Mteja akija kuweka, noti zinaingia katika sanduku na makuta ya simu inatoka. Mteja akija kutosha, ni kinyume. Kila siku anapashwa kuangalia mifuko hii miwili isiachane sana. Zamani, noti zikimwishia, alikwenda kwa wakala mkubwa, na wakala mkubwa akaenda banki. Kwa hiyo banki ilikuwa kisima cha wote, hata cha wale ambao hawajawahi kupita mlango wa banki maisha yao yote. Bibi wa Sake aliyekuwa anatosha franka elfu kumi kwa jirani yake alikuwa anakunywa kisima hicho bila kujua.

Kisima kikifungwa, noti za kabini zitoke wapi? Zinatoka kwa wateja wanaoweka tu. Sasa, siku za vita nani anaweka? Kila mtu anatosha. Jamaa walio Kinshasa, Lubumbashi, Kampala, Ubelgiji ao Canada wanatuma. Mashirika ya msaada nayo yanatuma kwa simu. Yote hiyo inaongezeka upande wa simu, na upande wa noti hakuna kinachoongezeka. Tena noti zinatoka. Unga, mafuta ya kupikia, esansi, sabuni na vingine vingi vinavuka mpaka kutoka Rwanda na Uganda, na muuzaji wa kule mara nyingi anataka dola ya mkono. Noti ikivuka pale Petite Barrière ao Bunagana, hairudi haraka. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa wakati wa vita vya mwaka wa 2025.

Ndipo dola moja ikawa na bei mbili. Dola ya simu ni dola, na dola ya mkono ni dola na kitu juu yake. Tuchukue mfano wa kufikiri, maana bei hizi hubadilika kila wiki na kila mtaa. Mama wa mtaa wa Majengo ametumiwa dola 100 na mtoto wake. Kampuni ya simu ina bei yake ya kutosha, na bei hiyo inajulikana. Juu yake mwenye kabini anaomba ya kwake. Akiomba asilimia 5, mama anabaki na 95, na ile ya kampuni haijahesabiwa. Akiomba 10, ni 90. Mtoto ametuma 100, ujumbe umesema 100, na mtoto atafikiri mama amekula 100. Zile dola tano ao kumi haziandikwi mahali popote katika simu. Ugomvi mingi wa jamaa unaanzia pale, kati ya aliyetuma na aliyepokea, na wote wawili wanasema kweli.

Wengi wanamwita mwenye kabini mwizi. Hasira inaeleweka, na bila shaka wako wanaotumia shida ya wenzao. Ila mtu mwenye kabini ya mbao hatengenezi noti. Anazitafuta asubuhi kwa wale walio nazo: mwenye kituo cha esansi, mwenye bato, mwenye nganda, kambisti wa pembeni ya barabara. Hao hawampi bure. Sehemu ya ile asilimia tunayomlaumu inapanda juu kwa mtu ambaye mteja hamuoni. Kinachobaki kwake ni kidogo, pamoja na hatari ya kurudi nyumbani jioni watu wote wa mtaa wakijua kwamba amebeba noti.

Halafu kuna noti zenyewe. Noti zile zile zikizunguka bila banki ya kuzibadilisha, zinachakaa. Franka inakuwa kama jani kavu, mwuzaji anaikataa, wa pili naye anaikataa juu wa kwanza ameikataa. Hapo simu inafanya kazi nyingine isiyopendeza. Inatosha sauti moja ipite katika makundi ya WhatsApp asubuhi, iseme noti fulani haipokelewi tena sokoni. Labda ilikuwa uongo saa mbili. Saa kumi ya jioni imekuwa kweli, kwa sababu kila mtu ameogopa kubaki nayo. Uvumi wa namna hii ni tofauti na uongo wa kawaida, maana unajitimiza wenyewe, na hata redio ikikanusha kesho yake, mama aliyeuza nyanya zake kwa noti ile amekwisha kupata hasara.

Wenye kadi ya banki walipata njia nyingine: kuvuka mpaka na kutosha makuta Gisenyi. Njia hiyo inasaidia mfanyakazi wa shirika ao mfanyabiashara mwenye karatasi zake. Haimsaidii mtu aliyetoka Masisi na watoto watano. Mwezi wa nne 2025 AFC/M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma ili watu waweze kuweka na kutosha. Lakini nyumba ya akiba isiyopata noti mpya kutoka Banki Kuu inarudia shida ile ile ya kabini: inaweza kutoa kile ambacho wengine wameweka, na si zaidi.

Wako waliojaribu kuiruka noti kabisa. Tembea Goma ao Bukavu, utaona namba za kulipia zimeandikwa kwa rangi ukutani kwa duka la dawa, kwa butike, kwa muuza mikate. Hii ni mabadiliko makubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kama mteja analipa butike kwa simu, butike inalipa depo kwa simu, na depo inalipa aliyeleta mzigo kwa simu, hakuna anayehitaji noti na hakuna wa kukata asilimia ya kutosha. Shida ni kwamba mnyororo unakatika pale mmoja anapodai karatasi. Mama muuza sambaza anaweza kupenda kupokea kwa simu, lakini mvuvi anataka noti juu muuza esansi wa bato anataka noti juu esansi imevuka mpaka. Kwa hiyo mama naye anakataa simu, ao anapandisha bei kwa anayelipa kwa simu. Tatizo lililo mpakani linafika mpaka kwenye sahani ya sambaza.

Bei inafika asubuhi, mzigo unafika ukiweza

Upande wa biashara ya mazao na bidhaa, hadithi inafanana na hii, ingawa watu wanaieleza kwa furaha zaidi.

Miaka kumi na tano nyuma, mkulima wa maharagi pembeni ya Minova hakujua bei ya Goma mpaka afike Goma. Aliyejua ni komisioneri, na komisioneri aliishi kwa kujua kile ambacho mwenzake hakijui. Leo mkulima anapata bei kabla ya jua kupanda. Wavuvi wa ziwa Kivu wanapiga simu kabla ya kufika Kituku, na wamama wanajua kama sambaza imepatikana ao hapana. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: sauti za WhatsApp zimewafungulia mlango watu wasiojua kusoma. Mama ambaye barua ilimshinda maisha yote anabonyeza, anasema kwa Kihunde, Kishi ao Kiswahili chake, anaachilia. Mteja anasikia. Hakuna shule ya usiku iliyofanya kazi hiyo kwa haraka namna hii.

Butembo ni mfano mwingine. Wafanyabiashara wa mji ule wanajulikana tangu zamani kwa kufuata bidhaa Dubai na Guangzhou. Zamani ilikuwa lazima kupanda ndege, kulala kule, kuchagua kwa macho. Leo picha na video zinafanya sehemu ya safari. Mwenye makuta kidogo anaungana na wengine katika kontena moja, na mtu wao aliye China anafunga mzigo. Mzigo unapita bahari mpaka Mombasa, unavuka Kenya na Uganda, unaingia kwa Kasindi. Wasichana wa Bukavu na Goma wasiokuwa na duka wanauza viatu, vitenge na nywele kwa kuweka picha katika statusi zao, na mwendesha moto anapeleka. Duka halina mlango, halina kodi ya nyumba, na mtoza patente hajui ligongwe wapi.

Sasa tuangalie barabara. Mzigo wa maharagi bado unapita barabara ile ile yenye matope, vizuizi na malipo kila mahali, na kila kizuizi kina mwenye silaha wake. Hakuna programu inayopunguza kizuizi. Mkulima amejua kwamba Goma bei imepanda, vizuri, lakini lori haiji, ao lori inakuja na bei ya lori imepanda kuliko bei ya maharagi. Tena kujua bei kunafanya kazi pande zote mbili. Mnunuzi wa Goma naye amejua kwamba bato mbili zimepakia kutoka Minova usiku, na anamngojea mama gatini bila haraka, kwa sababu anajua nyanya haziwezi kulala.

Komisioneri amekwenda wapi basi? Yuko. Haishi tena kwa kujua bei, maana bei imekuwa ya watu wote. Anaishi kwa kujua mambo mengine matatu: lori gani iko na nafasi, kizuizi gani kimefunguka leo, na nani ni mtu wa kweli. Hili la mwisho ndilo lenye thamani. Mteja wa Bunia anaona picha nzuri ya jenereta iliyo Butembo, lakini aliyeweka picha ni nani? Akituma makuta, jenereta itakuja? Ikija ni ile ya picha? Watu wamepokea viatu viwili vya mguu wa kuume. Wengine hawakupokea kitu, na namba imezimwa. Serikali ina sheria ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, yenye sura juu ya biashara ya mtandaoni na makosa ya mtandao. Mama wa soko la Kadutu aliyepoteza dola 40 atalipa mangapi ya usafiri na karatasi ili sheria hiyo imfikie? Kwa hiyo anarudi kwa komisioneri, anamlipa ili awe mdhamini. Zamani alilipa juu ya habari. Leo analipa juu ya kuaminiana. Vijana wanaosema kwamba mtandao umeua ukomisioneri wangetembelea gati moja tu kabla ya kusema.

Kufuli tatu na namba moja ya siri

Wamama wengi wa mashariki wako katika likirimba ao katika vile vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC. Desturi ya AVEC ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti. Siku ya mkutano sanduku linafunguliwa mbele ya wote, makuta inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia.

Vita vimetawanya vikundi hivi. Memba mmoja yuko Goma, mwingine amekimbilia Kalehe, wa tatu yuko Uganda katika kambi. Simu imewaunganisha tena: mchango unatumwa kwa M-Pesa, orodha inawekwa katika kundi la WhatsApp, hakuna sanduku la kuibiwa usiku. Vikundi vingi vingekuwa vimekufa bila hiyo. Lakini ukiangalia vizuri, kufuli tatu zimekuwa namba moja ya siri, katika simu moja, mkononi mwa mtu mmoja. Akifa, akikimbia, akiibiwa simu, ao mume wake akijua namba ile, akiba ya watu ishirini na tano iko katika hatari. Na kila mchango unaotumwa unalipiwa. Mama anayechanga kidogo kidogo kila wiki analipa kwa kulinganisha zaidi kuliko anayetuma kikubwa mara moja. Vikundi vyenye akili vimeanza kutuma mara moja kwa mwezi na kumchagua memba wa pili anayepokea picha ya salio kila juma. Si kufuli tatu, lakini ni afadhali kuliko moja.

Swali la simu ni ya nani halijadiliwi vya kutosha majumbani. Laini nyingi zimeandikishwa kwa jina la mtu mwingine: mume, kaka, ao hata kijana aliyeuza kadi ya SIM barabarani. Siku za amani hilo haliumizi. Siku ya kukimbia linaumiza. Mtu aliyepoteza simu njiani akitaka kurudishiwa namba yake, anaombwa kitambulisho. Katika Congo kitambulisho cha watu wengi ni kadi ya uchaguzi. Sasa kumbuka kwamba uandikishaji wa mwaka wa 2023 haukufanyika kwa sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru juu ya vita, na uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule nao haukufanyika kule. Kwa hiyo wale wale waliofukuzwa na vita ndio wale wale ambao hawana kadi mpya ya kuonyesha. Kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, watu waliondoka na magodoro kichwani. Aliyepoteza kadi ya SIM siku zile alipoteza pia salio lake, namba ambayo mashirika yanamjua nayo, na namba ambayo mtoto wake wa Kampala anaifahamu. Kumwambia mtu kama huyo alete kitambulisho ni kumfungia mlango kwa maneno ya upole.

Wezi wa simu hawahitaji maelezo marefu. Kila msomaji amepokea ule ujumbe wa «nimekosea kukutumia, nirudishie». Jambo moja tu. Wazee wengi wanampa mwenye kabini simu pamoja na namba ya siri, afanye yote mwenyewe, juu hawaoni maandishi ao hawaelewi Kifaransa cha menyu. Hapo hakuna mwizi wa mbali anayehitajika.

Nani ameshika kitufe?

Mtandao ambao leo umebeba mshahara na chakula una historia ya kuzimwa. Mwezi wa kumi na mbili 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi ulikatwa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, ilikatwa tena, na watu walikaa karibu siku ishirini bila kitu. Siku zile kilichopotea zaidi kilikuwa habari. Leo ingekuwa pia makuta, ingawa hapa kuna tofauti ya kujua: huduma ya makuta kwa simu ndogo ya toshi, ile ya kubonyeza nyota na namba, haipiti kwa intaneti. Inaweza kubaki hai intaneti ikizimwa. Mwenye programu ya banki katika simu kubwa ndiye atakayebaki gizani kwanza, na kwa mara moja masikini atakuwa na nafasi nzuri kuliko tajiri.

Kwa upande wa serikali, mawazo ya kwanza juu ya simu yamekuwa mara nyingi kodi. Wakaaji hawajasahau RAM, iliyoanza mwaka wa 2020: dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti, dola 1 kwa simu ndogo, na makuta ilikatwa moja kwa moja katika inite za mtu. Watu waliandamana, vijana wa LUCHA wakiwa mbele, na mwaka wa 2022 ikaondolewa. Somo ambalo raia walitosha katika kesi ile ni kwamba kelele za pamoja juu ya bei ya simu zinaweza kufanikiwa. Ni moja kati ya mambo machache ambayo Kinshasa na Goma, Lubumbashi na Bunia walilia kwa sauti moja.

Kuna pia jiografia. Kebo ya bahari inayoitwa WACS ilifika Muanda, kwa Atlantiki, na kufunguliwa mwaka wa 2013. Muanda iko mbali na sisi kuliko Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashariki inapata intaneti kupitia majirani, kwa nyaya zinazopita Rwanda na Uganda na kushuka mpaka bahari ya Hindi. Kebo mbili za bahari ile zilipokatika mwezi wa tano 2024, nchi za Afrika ya mashariki zilisikia, na nani aliye nyuma yao asingesikia? Wakaaji wa mpakani wamekwisha kujipanga kwa njia yao: mtu wa Goma ao Bukavu ana laini ya Rwanda mfukoni, mtu wa Kasindi ana ya Uganda, na anachagua kila siku ile yenye rezo nzuri ao mega za bei nafuu. Hakuna mkutano wa wakubwa uliowafundisha hayo. Starlink, ambayo ARPTC ilikataza mwanzoni mwa 2024, ilipewa ruhusa mwezi wa tano 2025. Inaweza kusaidia hospitali, shule ao kituo cha biashara mbali na mnara. Bei ya kifaa si ya mtu wa kawaida, ila kijiji kinaweza kuchanga. Lakini satelaiti haina sanduku la noti. Kijiji cha Walikale kinaweza kupata intaneti nzuri kuliko Goma kesho asubuhi, na bado mwenye kabini wa kijiji akakosa franka za kumpa mteja.

Hiyo ndiyo sababu mazungumzo juu ya «kukua kwa intaneti» katika majimbo yetu yanaenda pembeni ya jambo. Wanahesabu minara na kasi ya mega. Mkaaji anahesabu kitu kingine: kati ya 100 iliyotumwa na ile iliyofika mkononi, ni ngapi imebaki njiani?

Kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa bila kungoja banki zifunguliwe. La kwanza ni bei kuonekana. Wako wenye kabini wanaoandika kwa kartoni wanakata ngapi leo, na mteja anachagua; wako wanaosema bei baada ya makuta kuingia tayari katika simu yao. Kampuni zinaweza kulazimisha kartoni hiyo, maana mwavuli ni wao na mkataba ni wao. La pili ni wauzaji wakubwa, wale wa unga, mafuta na esansi. Kama hao watano ao kumi wa mji mmoja watakubali kupokea kwa simu hata nusu ya bei, noti nyingi zitabaki mikononi mwa watu wadogo, na asilimia ya kutosha itashuka. Vyama vya wafanyabiashara vinawajua kwa majina na vinakutana nao kila mwezi. La tatu ni namba za waliokimbia. Kampuni inayoweza kujua ni namba gani mtu amepiga zaidi miezi mitatu iliyopita inaweza kumtambua mteja wake hata bila kadi ya uchaguzi, kwa kumuuliza namba tano za jamaa na kumwita shahidi. Mashirika ya msaada yanayotuma mamilioni kupitia kampuni hizo yana nguvu ya kuomba hilo liandikwe katika mikataba yao.

Na kwa anayetuma kutoka mbali: muulize mama asilimia ya kabini ya mtaa wake wiki hii kabla ya kutuma, ongeza hiyo juu, ao lipa moja kwa moja duka la dawa na butike zinazopokea kwa simu. Kwa dola 100, inaweza kuwa chakula cha siku tatu ao ine.